Kisu, sindano, na tezi iliyokaa juu ya figo

Mzee mmoja jirani yangu hapa Nyalenda, Kisumu, ana saratani ya tezi dume iliyofika mifupani. Amepewa njia mbili: aondolewe korodani, au achomwe sindano ya goserelini kila baada ya wiki 12, maisha yake yote. Wanawe wamegawanyika. Mmoja anasema baba si maksai wa kukokota plau. Mwenzake anauliza nani atalipia sindano mwaka ujao.

Wote wana hoja. Saratani hii hulishwa na testosteroni, homoni kuu ya kiume. Daktari wa upasuaji Charles Huggins alilionyesha hilo mwaka 1941, na 1966 akapewa Tuzo ya Nobeli. Zaidi ya asilimia 90 ya homoni hiyo hutoka kwenye korodani. Kisu hukausha chemchemi hiyo kwa saa chache, wala hakidai nauli ya kurudi. Sindano huvuruga amri ya ubongo: mwanzoni homoni hupanda, halafu baada ya wiki tatu hivi inakuwa chini kabisa. Uzuri wake ni kwamba inaweza kusimamishwa. Ubaya wake ni huohuo: ukikosa tarehe, homoni huanza kurudi. Na sisi tunajua mto Nyando ukifurika, barabara haimngoji mgonjwa.

Kinachosahaulika katika ubishi huu ni tezi za adrenali, zile ndogo zilizokaa juu ya figo. Zenyewe na korodani hutumia malighafi moja, kolesteroli. Kimeng'enya cha kwanza, yaani protini inayoendesha kemia ya mwili, huikata mkia ndani ya mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, ikawa pregnenoloni. Hapo ndipo penye njia panda, na anayeongoza magari ni kimeng'enya kiitwacho CYP17A1. Kisipoigusa malighafi, inaelekea kwenye aldosteroni, homoni ya chumvi. Kikiigusa mara moja, inaelekea kwenye kotisoli, homoni ya kukabili mfadhaiko. Kikiigusa tena na kuikata, inaingia njia ya homoni za kiume. Adrenali huamriwa na homoni nyingine ya ubongo, ACTH, kwa hiyo kisu hakizifikii, sindano pia. Zinaendelea kutoa homoni dhaifu za kiume, na uvimbe wenyewe waweza kuzimalizia ziwe testosteroni.

Ndiyo maana saratani huweza kuamka tena hata baada ya korodani kuondoka. Dawa ya abirateroni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, huziba CYP17A1 kotekote. Lakini haichukui nafasi ya kisu wala sindano. Huongezwa juu yake. Tena kotisoli ikipungua, ubongo huzidi kuichapa tezi, na malighafi yote humwagika kwenye njia ya chumvi: shinikizo la damu juu, potasiamu chini, miguu kuvimba. Kwa sababu hiyo humezwa pamoja na prednisoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, na damu hupimwa kila mara.

Kwa mzee huyu mimi naegemea kisu. Mwana anayedhani sindano itamwachia baba uanaume wake amekosea hesabu: njia zote mbili huleta joto la ghafla, hupunguza hamu ya tendo la ndoa na kudhoofisha mifupa. Tofauti ni kile anachokiona akioga, na kwa wengine hilo si dogo. Upo upasuaji unaotoa nyama ya ndani tu na kuacha ganda.

Juzi nilimkuta kibarazani akishona wavu. Hakuniuliza habari za uanaume. Aliniuliza kama atalala hospitali siku nyingi. Nikamwambia wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.