Sita na Tano Kaeni Nazo, Mimi Nipeni Nyamagana

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp dogo mmoja wa Yanga kaweka stika ya mkono, vidole vitano, afu kaandika historia ya derby ya Simba na Yanga imeanza Novemba 2023, walipotufunga 5-1. Mnyama mwenzangu, yani shabiki wa Simba kama mimi, akamjibu kwa namba 6, zile 6-0 zetu za 1977. Basi ikawa tano, sita, tano, sita mpaka saa saba usiku, watu wazima wana watoto, na hakuna hata mmoja aliyetaja mechi iliyoisha kwa tofauti ya goli moja. Yani miaka karibu 90 ya Msimbazi (Simba) na Jangwani (Yanga) tumeikamua imebaki namba mbili za kutupiana.

Mimi ni Simba, sijifichi. Na bado nawaambia mechi kubwa kuliko zote tulizocheza na hawa kandambili wa Yanga ni moja tuliyofungwa. Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, tarehe 10 Agosti 1974. Yanga 2, Simba 1.

Mjue ilikuwaje. Yanga walikuwa wamebeba ubingwa mfululizo kuanzia 1968 hadi 1972, sisi tukawapokonya 1973, sasa 1974 tunakutana uso kwa uso kuamua bingwa, tena nje ya Dar, hakuna cha Kariakoo wala nini. Adam Sabu akatufungia sisi Simba dakika ya 16. Haya piga hesabu mwenyewe, kutoka dakika ya 16 unashikilia kigoli kimoja, derby, ubingwa, roho juu. Baba yangu mdogo alikuwepo. Anasema robo saa ya mwisho alishaacha kutazama mpira, anachungulia saa ya mkononi ya mzee mmoja aliyesimama mbele yake, na yule mzee alikuwa Yanga, kila akishtuka anachunguliwa anavuta mkono wa shati anaifunika. Dakika ya 87 Gibson Sembuli wa Yanga akasawazisha. Yule mzee akageuka, akakunja shati mpaka kwenye kiwiko, akamnyooshea mkono, "haya tazama sasa". Dakika za nyongeza Sunday Manara akamalizia kazi. Mpaka leo ukimtajia baba mdogo jina la Sembuli wakati wa chakula anasukuma sahani.

Hiyo ndo derby bwana. Timu mbili zote ziko moto, hakuna mgonjwa, anashinda mmoja kwa tundu la sindano.

Sasa njoo kwenye hizo sita zetu, na hapa najua nitatukanwa na watu wangu wenyewe. Tarehe 19 Julai 1977, 6-0, Abdallah Kibadeni akapiga tatu peke yake, Jumanne Masimenti mbili, Selemani Sanga wa Yanga akajifunga moja. Tamu, sikatai, na hat-trick ya Kibadeni nitamsimulia mjukuu. Lakini Yanga ya 1977 ilikuwa Yanga gani? Ile timu ya Nyamagana haikuwepo! Walishagombana wenyewe kwa wenyewe, ukaja mpasuko, nyota kibao wakaondoka, ikazaliwa klabu ya Pan African. Tulipiga nyumba iliyokuwa imeshabomolewa na wenyewe afu tunatembea kifua mbele miaka yote kama tulileta greda sisi. Hili hakuna mtu anataka kulisikia, si wa Simba kwa sababu linapunguza utamu, si wa Yanga kwa sababu itabidi waongelee ugomvi wao.

Tano tulizowapiga sisi Mei 2012, 5-0, ni yaleyale, sisi tulishakuwa mabingwa, wao uongozi unawaka moto, penalti tatu, mpaka kipa Kaseja akaitwa kuja kupiga moja. Kaseja! Mwingine aliyefunga kwa penalti siku ile ni Patrick Mafisango, na mwezi huohuo akafariki kwa ajali ya gari hapahapa Dar. Nikiona watu wanaitumia ile mechi kwa kejeli tu huwa nanyamaza, sina la kusema.

Na hizo tano za 2023? Mpaka mapumziko ilikuwa moja moja, kipindi cha pili tukaachwa uwanjani kama tumekuja kutalii, kocha Robertinho akafungishwa virago ndani ya wiki. Yanga ile ilikuwa nzuri, haya nimesema, msinirudishe tena hapo.

Tatu tatu ya Oktoba 2013, tulipochomoa zote tatu kipindi cha pili, haina stika. Ile ya Mei 2021 Yanga waliyosusa kwa sababu ya kubadilishwa saa ya mechi, na ya Machi 2025 tuliyosusa sisi kwa sababu ya kuzuiwa mazoezi uwanjani, zina stika nyingi kuliko Nyamagana, na hapo hakuna mpira uliopigwa. Sawa tu.

Halafu kuna kitu kinanichekesha. Haji Manara alipoacha usemaji wa Simba na kutimkia Yanga 2021 watu walizimia, eti kasaliti, eti haiwezekani. Jamani, baba yake ni Sunday Manara. Baba mdogo aliposikia habari ile hata hakuinua macho kwenye gazeti, akauliza tu, "Mlitegemea aende wapi?"