Baba ana Crohn, binti kakosa nini?

Huku Ujiji kuna uchumba umevunjika. Baba wa binti ana Crohn, ule ugonjwa wa utumbo kuvimba na kutoka vidonda miaka nenda rudi, akapelekwa mpaka Mwanza kupigwa kamera ya kuangalia utumbo ndo ukajulikana, basi mashangazi wa kijana wakasema huo unatembea kwenye damu.

Hawajazusha. Mwaka 2001 watafiti walionyesha jeni inaitwa NOD2, inayosaidia kinga ya mwili kuwatambua bakteria, ikiwa na kasoro fulani hatari ya Crohn inapanda, na mpaka sasa sehemu za vinasaba zinazohusishwa na Crohn na magonjwa ndugu zake ya utumbo kuvimba zimepita 200. Mtoto wa mgonjwa yuko kwenye hatari kuliko mtoto wa jirani, hapo siwabishii.

Ila mapacha jamani. Mapacha wa kufanana jeni zao ni zilezile, wamelala tumbo moja, wamekula sahani moja, alafu mmoja akipata Crohn, mwenzake anaupata kati ya mara 20 na 50 hivi katika 100, kutegemea utafiti. Kwa ule ugonjwa ndugu yake, wa vidonda vya utumbo mpana, ni kama 15 tu. Yaani pacha kabisa, na bado mara nyingi mwenzake anabaki mzima! Sasa huyu binti sio pacha wa baba yake, kachukua nusu kwake nusu kwa mama, na watoto wengi wa wagonjwa hawaupati maisha yao yote. Mnamhukumu kwa lipi?

Alafu zile kasoro za NOD2 zimejulikana zaidi kwa Wazungu, kwa Waafrika ni adimu na kwa Wajapani hazionekani kabisa, ila Crohn Japani ipo na inaongezeka. Jeni za watu hazibadiliki ndani ya miaka 40, kinachobadilika ni maisha, chakula, sigara.

Historia ya ukoo ina kazi yake. Binti akiharisha damu wiki kadhaa na kukonda, amwambie daktari habari ya baba, asiishie kupewa dawa ya amiba kila mwezi, apigwe kamera, na TB ya utumbo itafutwe kwanza mana inafanana sana na Crohn, na steroidi, dawa za kutuliza uvimbe zinazoshusha kinga, anazopewa mgonjwa wa Crohn zinaweza kuichochea TB.