Fedha za Maabara Zikikatwa, Nani Hukasirika?

Hivi karibuni niliugua tumbo, nikapimwa, nikapona, nikasahau. Kisha akanipigia simu kijana mmoja mwenye adabu kutoka Idara ya Afya ya jimbo hili la Minnesota, akitaka nimtajie kila nilichokula wiki nzima kabla ya kuugua na duka nilikokinunua. Nilikereka, kwa maana ni nani anayekumbuka mchicha wa Jumanne? Alipokwisha kunihoji nami nikamhoji, ndipo nikaelewa kwamba maabara za hospitali huku zinalazimika kisheria kupeleka vimelea vya salmonela, bakteria waletao maradhi ya tumbo, kwenye maabara ya afya ya jamii ya jimbo, iliyoko St. Paul, ambako vinasaba vyake husomwa na kulinganishwa na vya wagonjwa wa majimbo mengine kupitia mtandao wa PulseNet, ulioanzishwa mwaka 1996. Wagonjwa wasiofahamiana wakikutwa na kimelea kilekile, chakula walichokula wote huanza kusakwa.

Sina nia ya kusifu mashine, maana mashine tunazo. Nataka kuzungumzia fedha. Sehemu ya gharama za kazi hiyo hulipwa kwa ruzuku ya serikali kuu inayopitia CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, chini ya mpango wa ELC wa kuimarisha maabara na ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza, ulioanza mwaka 1995 na unaofikia majimbo yote 50. Machi 2025 serikali kuu ilitangaza kufuta ruzuku za afya za takribani dola bilioni 11.4, zilizotengwa wakati wa UVIKO-19, zikiwamo za maabara. Idara ya Afya ya Minnesota peke yake ilieleza kwamba imepoteza zaidi ya dola milioni 220, na wafanyakazi wapatao 170 wakapewa barua za kuachishwa kazi. Haikupita muda majimbo 23 pamoja na Washington D.C., Minnesota ikiwamo, yakafungua kesi katika mahakama ya shirikisho huko Rhode Island, na tarehe 3 Aprili Jaji Mary McElroy akauzuia ufutaji huo kwa muda.

Hapo ndipo penye wivu wangu. Kwetu Tanzania fedha za maabara zikikatika, habari humfikia mwananchi dirishani: vitendanishi vimeisha, kapime nje. Naye huvuka barabara kwenda maabara binafsi, ambayo mwenyewe tunamjua, analipa, anarudi na majibu yake, na siku imekwisha.

Najua nitaambiwa kwamba nimeonja maisha ya ughaibuni na sasa nawadharau nyumbani. Siwadharau. Machi 2023 maabara yetu ya taifa ndiyo iliyothibitisha Marburg, homa kali ya virusi inayoua, huko Kagera, ya kwanza kutangazwa nchini. Ugonjwa uliporudi, mgonjwa aligunduliwa kwa vipimo vya maabara hamishika ya Kabaile, mkoani Kagera kwenyewe, na Dar es Salaam ikathibitisha. Nilipowasimulia watu wa huku, nilisimulia kifua mbele, na nitaendelea kufanya hivyo.

Lakini tazameni tarehe. Rais Samia aliitangaza Marburg hiyo tarehe 20 Januari 2025, na siku hiyohiyo Rais Trump akatia saini amri ya kusitisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90. Upimaji wa wingi wa virusi kwa wanaoishi na VVU nchini mwetu umebebwa kwa miaka mingi na fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI. Fedha zinatoka katika hazina ileile inayoilisha Minnesota, na mkataji ni yuleyule, ila Minnesota ilikwenda kwa jaji. Sisi tungekwenda kwa jaji gani? Anayenyimwa haki yake hushtaki. Anayenyimwa msaada hana hoja mahakamani.

Atatokea wa kusema kwamba hayo ndiyo maneno ya mabeberu, na kwamba tusubiri tujenge uwezo wetu wenyewe. Nakubali, tena kwa mikono miwili, ila uwezo wetu wenyewe una bei na bei hiyo hatuijadili. Mwaka 2010 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa mtandao wa maabara za afya ya jamii Afrika Mashariki, na kwa upande wetu ule ulikuwa mkopo, yaani deni la mwananchi. Ni wangapi kati yetu waliwahi kumuuliza mbunge wao maabara ipi ilijengwa na sasa nani analipia umeme wake? Mara pekee ninayokumbuka maabara ya taifa kuwa gumzo la nchi nzima ilikuwa Mei 2020, kwa ajili ya papai na mbuzi waliodaiwa kukutwa na korona, na hata siku hizo sikumsikia mtu akiulizia bajeti yake.

Ninachoomba ni kidogo: hotuba ya bajeti ya Wizara ya Afya isomwapo Dodoma, maabara ya taifa iwe na mstari wake, ukionyesha kiasi kilichoidhinishwa mwaka uliopita, kiasi kilichotolewa kweli, na kilichotoka kwa wafadhili. Nasikia tayari sauti ikisema kwamba takwimu kama hizo zikiwa hadharani zitatumiwa vibaya. Minnesota ilizitangaza zake, na waliozitumia ni mawakili wake.