Faili linaloitwa 90

Jumatano iliyopita niliitwa kwenye ofisi moja ya utalii huku Njiro, "njoo umsaidie kijana". Ukiitwa hivyo Arusha, ujue kijana ameshatukanwa vya kutosha, kinachotafutwa sasa ni shahidi. Mhasibu alitaka kumbukumbu za wiki mbili nyuma, akakuta bekapu (nakala za akiba) za siku tatu tu. Nyingine zote zilikuwa zinafutwa kila usiku, saa nane kamili, na skripti (orodha ya amri zinazojiendesha) aliyoiandika chalii mwenyewe. Mkurugenzi amekaa na koti lake kwa baridi hii ya Julai, ananiambia, "Mtaalamu, sema naye wewe. Mimi nimechoka."

Nikaomba kwanza nione skripti.

if [ $kiasi > 90 ]; then
    find /bekapu -type f -mtime +3 -delete
fi

Nia yake inasomeka hata na asiyejua kompyuta: diski ikijaa kupita asilimia 90, futa mafaili yaliyozidi siku tatu. Diski yenyewe ilikuwa imejaa asilimia 41, ndiyo namba iliyokaa kwenye kigeu $kiasi. Nikaandika ls -l, amri ya kuorodhesha mafaili, na hapo kwenye folda yake ya nyumbani kumetulia faili moja tupu, baiti sifuri, jina lake 90. Saa yake 02:00, alfajiri ya siku hiyohiyo.

"Hili umeliweka wewe?"

"Hapana kaka. Nililiona zamani, nikajua ni la mfumo."

Hapo ndipo hasira yangu ilipohama kutoka kwa chalii kwenda kwa waliomfundisha. Kila somo la skripti ninalolijua linaanza vilevile: kama umri umezidi 18, andika "mtu mzima", kama alama zimefika 50, andika "umefaulu". Mabano ya mraba yanachorwa ubaoni kana kwamba ni sarufi, ndugu wa yale ya hesabu za darasa la sita. Wanafunzi wananakili, mtihani unapita, cheti kinatoka. Hakuna anayewaambia kwamba mabano hayo si sarufi. Ni amri. Fungua mashine yoyote yenye mfumo wa Ubuntu uandike ls /usr/bin/[ uone. Lipo faili, jina lake ni bano moja la kufungulia, basi. Bash, programu inayosoma na kuendesha skripti hizi, ina nakala yake ya ndani, lakini tabia ni ileile: bano la kufungia ni neno la mwisho tu ambalo amri hiyo imezoea kulidai.

Ukishajua hilo, if inakuwa kitu kingine kabisa. Kwenye sheli, yaani programu za kupokea amri kama hiyo Bash (siyo ya mafuta, tuelewane), if haipimi ukweli wa kitu chochote. Inatuma. Ni kama mama anayemtuma mtoto dukani akaone kama sukari ipo: yeye hainuki jikoni, anasubiri mtoto arudi na jibu. Amri ikirudi na sifuri, mambo yameenda vizuri, then inafuata. Ikirudi na namba nyingine yoyote, mambo yameharibika. Ndiyo, sifuri ndiyo kufaulu. Sisi ambao ziro ya form four ni aibu ya ukoo mzima tunapata tabu kulimeza hilo, lakini lina akili yake: kufaulu kuna namna moja, kufeli kuna namna nyingi, na kila namna inahitaji namba yake.

Sasa mrudie chalii. Alama ya > kwenye sheli, nje ya mahali pachache maalumu, maana yake ni "kinachotoka kiandike kwenye faili hili". Kwa hiyo sheli ilisoma hivi: iite amri ya bano, mpe 41 mkononi, na chochote atakachosema kiandike kwenye faili liitwalo 90. Mtoto akaenda dukani na 41 peke yake. Bano likipewa neno moja tu huuliza swali moja tu: kuna kitu hapa, au ni patupu? Kuna kitu. Sifuri. Futa. Kila usiku wa Mungu, bila kosa hata moja kwenye logi, kwa sababu kosa halikuwepo. Amri zote zilifanya kazi yake.

Najua atatokea mtu aniambie, "Si angetumia mabano mawili?" Sawa, mabano mawili yangemwondolea lile faili la 90. Lakini ndani ya [[ ]] alama ya > inalinganisha maneno kwa mpangilio wa kamusi, herufi kwa herufi, na 1 inatangulia 9. Diski ikifika asilimia 100, skripti itaapa kwamba 100 haijaipita 90, na seva itajaa mpaka isimame. Kwa namba andika -gt (yaani "kubwa kuliko"), au (( kiasi > 90 )) kama una hakika unaendesha Bash. Na kabla ya -gt hakikisha kigeu kina namba, maana kikiwa kitupu bano linabaki linapayuka.

Haya, nikubali kidogo, kwa shingo upande: lugha yenyewe ina vituko. Stephen Bourne aliyeandika sheli iliyotoka na mfumo wa Unix toleo la 7 mwaka 1979 aliipenda lugha ya programu ya ALGOL 68, ndiyo maana if inafungwa na fi na case inafungwa na esac. Kwa mtindo huo do ingefungwa na od, ila od ilikuwa tayari ni jina la programu nyingine, tukaishia na done. Brian Fox alipotoa Bash mwaka 1989 akaurithi ukoo wote. Lakini vituko si kisingizio. Sisi lugha yetu inatia sharti ndani ya kitenzi, ukija, usipokuja, ungekuja, ungalikuja, na hakuna mtoto wa Kaloleni anayezichanganya, kwa sababu amezisikia zikifanya kazi kabla hajaandikiwa ubaoni. Ningekuwa mwalimu, somo la kwanza la if lisingekuwa na mabano kabisa. Ningeanza na if ping (kompyuta ile inaitika?), if grep -q (neno hili limo kwenye faili?), if cp (nakala imefanikiwa?). Mwanafunzi aone amri ikienda na kurudi. Mabano yangekuja wiki ya pili, kama amri mojawapo.

Mimi mwenyewe, miaka hiyo niko Moshi, niliwahi kupoteza jioni nzima kwa kubananisha bano na neno bila nafasi katikati. Umeme ukakatika, nikashukuru.

Chalii amepewa barua ya kujieleza, siku saba. Aliniomba tuiandike pamoja, tukakaa kwenye kibanda cha chai jirani na ofisi yao. Aliandika kurasa mbili, akamchorea mkurugenzi hadi yule mtoto wa dukani na 41 mkononi. Jana barua imerudi. Imegongwa muhuri, na kwa kalamu nyekundu: "Fupisha."