Mawakala wa Akili Mnemba na Kazi ya Forodha Mombasa: Nani Abebe Hasara?

Si ajabu kuikuta ofisi ya uwakala wa forodha mjini Mombasa, yaani ya kuwatolea wateja mizigo yao bandarini, ikiendeshwa na watu watano au sita, ilhali hati zinazopita mikononi mwao kwa wiki moja zingewatosha watu kumi. Ofisi kama hizo ndizo zinazolengwa na wauzaji wa mawakala wa akili mnemba, yaani programu ambazo haziishii kujibu maswali, bali hupewa lengo, zikapanga hatua zenyewe, zikafungua barua pepe, zikajaza fomu kwenye mifumo mingine, zikalipa ankara, kisha zikaleta taarifa kwamba kazi imekwisha. Mwenye biashara anaahidiwa kwamba atabaki kutazama tu, tena kwa nadra. Ahadi hiyo ina ukweli ndani yake, na ingekuwa makosa kuipuuza kwa sababu tu inatoka kwa watu wenye bidhaa ya kuuza. Hata hivyo inaacha nje swali ambalo katika shughuli za bandari ni zito kuliko mengine yote: ni nani atakayebeba hasara pale kazi iliyofanyika bila jicho la mtu itakapoharibika, na je, mtu huyo atakuwa bado na ujuzi wa kuligundua kosa?

Faida nazianza mimi mwenyewe, kwa kuwa nazikubali. Kontena likishushwa Kilindini hupewa siku chache za kukaa bila malipo, na zikiisha mwenye mzigo huanza kutozwa ada ya uhifadhi na bandari, huku kampuni ya meli nayo ikimdai kwa kuchelewesha kontena lake. Sehemu kubwa ya pesa zinazopotea hapa haipotei kwa ujinga wa mtu. Hupotea kwa sababu ankara ya muuzaji iliingia Ijumaa jioni ikasomwa Jumatatu, au uzito ulioandikwa kwenye hati ya shehena ulitofautiana na ule wa orodha ya vifurushi na hakuna aliyeliona hilo mpaka maombi yaliporudishwa, au mteja wa Kampala alikuwa akisubiri kuombwa cheti kimoja ambacho kila karani alidhani mwenzake amekwisha kukiomba. Kazi ya namna hii ya kulinganisha, kufuatilia na kukumbusha, programu huifanya saa nane za usiku kwa umakini uleule wa saa nne za asubuhi, na haichoki kwa kurudia. Kwa mwenye ofisi asiye na uwezo wa kuajiri karani wa zamu ya usiku, huo ni msaada mkubwa. Hoteli ndogo ya Nyali inayopokea maulizo ya wageni kutoka Ujerumani, au muuza leso wa jumla wa Biashara Street anayepokea oda za WhatsApp kutoka Lamu hadi Dar es Salaam, wana sababu zilezile za kuitaka.

Lakini majaribio yaliyokwisha kufanyika yanatahadharisha. Mwaka wa 2025 kampuni ya Anthropic, inayotengeneza modeli ya akili mnemba iitwayo Claude, iliikabidhi modeli hiyo duka dogo ndani ya ofisi yake ya San Francisco, ikaiachia kuagiza bidhaa, kupanga bei na kuwajibu wateja kwa takriban mwezi mmoja. Modeli ilimudu kuwatafuta wasambazaji wa bidhaa adimu, lakini ilitoa punguzo kwa urahisi mno kila ilipobembelezwa, ikauza vipande vya metali ya tungsteni chini ya bei iliyonunulia, na wakati mmoja ikawaelekeza wateja walipe kwenye akaunti ambayo haikuwapo. Duka lilipata hasara, na ni jambo la heshima kwamba waliolifanya jaribio hilo waliyatangaza matokeo bila kuyaficha. Nchini Sweden, kampuni ya malipo ya Klarna ilitangaza mwaka wa 2024 kwamba msaidizi wake wa akili mnemba anafanya kazi ya wahudumu 700. Mwaka uliofuata mkurugenzi wake, Sebastian Siemiatkowski, alikiri kwamba ubora wa huduma ulikuwa umeshuka, na kampuni ikarudi kuajiri watu.

Modeli zinaendelea kuwa bora, kwa hiyo sitaki kuegemea mno mifano hiyo. Kinachonishughulisha zaidi ni hesabu iliyo nyuma yake. Chukua kazi yenye hatua 20, ambapo kila hatua ina uwezekano wa asilimia 95 kufanyika sawasawa, na hakuna anayesahihisha njiani. Uwezekano wa kazi nzima kumalizika bila kosa hata moja ni takriban asilimia 36 tu. Hata ukipandisha usahihi wa kila hatua hadi asilimia 99, unafika takriban asilimia 82. Kutoa kontena bandarini, tangu hati ya kwanza hadi lori kupita getini, si kazi ya hatua mbili tatu.

Makosa nayo hayalingani. Kikumbusho kilichotumwa mara mbili humkera mteja, basi. Uainishaji wa bidhaa, yaani kuamua bidhaa iingie kwenye kundi gani la ushuru, ni jambo jingine kabisa. Jedwali la pamoja la ushuru la Jumuiya ya Afrika Mashariki lina viwango vikuu vinne, asilimia 0, 10, 25 na, tangu 2022, 35. Tuseme bidhaa zina thamani ya shilingi milioni 4 na programu imeziweka kwenye asilimia 10 badala ya 25: ushuru unapungua kwa shilingi 600,000, na kwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 hukokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru, pengo linafika shilingi 696,000. Kosa hilo laweza kulala kimya hadi ukaguzi wa baadaye, mzigo ukiwa umekwisha kuuzwa na faida kutumika. Deni hapo linamwangukia nani? Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, ya mwaka wa 2004, humhesabu wakala anayeushughulikia mzigo kana kwamba ndiye mwenye mzigo, na leseni ya uwakala haiandikwi kwa jina la programu.

Hata nje ya forodha mambo yameanza kuelekea huko. Mwezi Februari 2024, baraza la usuluhishi la British Columbia nchini Kanada liliiamua kesi ya abiria aliyefiwa, ambaye programu ya mazungumzo ya shirika la ndege la Air Canada ilimpa maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli nafuu ya waliofiwa. Shirika lilijitetea kwamba programu hiyo inawajibika kwa matendo yake yenyewe. Baraza likaikataa hoja hiyo na kuliamuru shirika limlipe abiria. Hapa Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humpa mtu haki, isipokuwa katika hali chache, ya kutofungwa na uamuzi wenye athari kubwa kwake uliofanywa na mtambo peke yake, na hilo lamhusu kila mwenye biashara anayetaka programu iamue nani akopeshwe bidhaa au nani aajiriwe.

Utapeli pia umepata mlango mpya. Programu inayosoma barua pepe na kuzifanyia kazi yaweza kudanganywa na maagizo yaliyofichwa ndani ya barua hizohizo, na akaunti ya muuzaji ikabadilishwa bila mtu kupiga simu kuuliza.

Jibu linalotolewa kwa haya yote ni kwamba programu ifanye kazi na mtu aidhinishe mwishoni. Nalikubali nusu. Mtu anayeletewa maombi 60 kwa siku, 58 kati yake yakiwa sawa, hatimaye huidhinisha bila kusoma, na sahihi yake inakuwa kinga ya programu badala ya kuwa kinga ya mteja. Afadhali programu iachiwe kabisa yale yanayorekebishika, kama vikumbusho, ulinganishaji wa hati na ratiba za meli, na mtu abaki na machache yasiyorudi nyuma: pesa kutoka, tamko la forodha (maelezo rasmi ya mzigo yanayotumika kukokotoa ushuru) kuwasilishwa, mzigo kuachiliwa. Kila hatua ya programu nayo iandikwe mahali mwenye ofisi anapoweza kuisoma, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

Hapo ndipo linapozuka tatizo ambalo naona halijadiliwi vya kutosha. Mtu anayeweza kutazama tamko la forodha na kusema "hapana, hili si sawa" hakuupata ujuzi huo darasani peke yake. Aliingia ofisini kijana, akapewa kulinganisha ankara na orodha za vifurushi, akatumwa bandarini na kwenye yadi, akarudishiwa hati zenye makosa na kukemewa na mkubwa wake, na baada ya miaka akaanza kuhisi kosa kabla hajalitaja. Kazi hizo ndogondogo ndizo tunazotaka kuzikabidhi programu kwanza, kwa sababu zinachosha na zinajirudia. Ofisi itakayofanya hivyo leo itaokoa mishahara ya makarani wawili na bado itakuwa na msimamizi hodari, aliyekomaa chini ya utaratibu wa zamani. Atakapostaafu, nafasi yake itajazwa na nani?

Kwa maoni yangu, ofisi zinazonunua programu hizi ziendelee kuajiri makarani wanagenzi, na angalau sehemu ya matamko ya kila wiki iainishwe kwanza na mwanagenzi kabla hajaona jibu la programu, kisha majibu mawili yawekwe mbele ya msimamizi, na kila yanapotofautiana ielezwe kwa nini. Utaratibu huu utapunguza kasi na kula sehemu ya akiba iliyoahidiwa, na mwenye ofisi ndogo ana haki ya kuuliza kwa nini abebe gharama hiyo ilhali mshindani wake ameikwepa. Vyama vya mawakala vingeweza kumwondolea mzigo huo kwa kuufanya utaratibu kuwa sharti kwa wanachama wote, na mamlaka inayotoa leseni ingeweza kumtaka mwombaji aonyeshe ni nani katika ofisi yake awezaye kuainisha bidhaa mtambo ukiwa umezimwa.