Nilikimbia Njano ya Jangwani, Nikakutana na ya Mahindi

Jamani, rangi nyekundu ndiyo itakayonizika.

Mimi ni mtoto wa Tandika. Baba Simba, babu Simba, na nyumbani kwetu fulana ya njano hata ya kudekia ilikuwa haipiti mlangoni. Tarehe 5 Novemba 2023 nilikuwa nimeshahamia huku Columbus, jimbo la Ohio, na asubuhi ile nilikuwa ndani ya gari la mizigo, simu nimeiegemeza kwenye usukani, nikiangalia Yanga wakitupiga 5-1. Tano! Chai ilipoa mkononi. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni Yanga wa kuzaliwa. Hakunipigia, hakuandika neno. Alinitumia picha ya kiganja chake, basi. Vidole vitano vimetulia. Nikamkumbusha kwamba Mei 2012 sisi tuliwapiga tano bila majibu. Akanijibu kwa kiganja kilekile. Sasa mtu wa namna hiyo utabishana naye nini?

Siku ile nikaapa. Nikasema nitatafuta timu ya hukuhuku, timu ambayo shemeji haijui wala haioni, ikipigwa nilie peke yangu chini ya blanketi, mambo yaishe. Na sikwenda mbali kuitafuta. Columbus ni mji wa Ohio State, timu ya chuo kikuu cha hapa. Daktari wa meno ana bendera yao, kinyozi ana bendera yao, hata jirani yangu mwenye mbwa watatu amewavalisha wote jezi. Nikaangalia rangi: nyekundu na kijivu. Nikasema, Mola hamtupi mja wake, hii ni Msimbazi ya ughaibuni.

Kosa langu ni kwamba sikuuliza mtani wao wa jadi anavaa nini.

Anaitwa Michigan, timu ya chuo kikuu cha jimbo la jirani kwa juu. Anavaa buluu na njano. Tena wenyewe ile njano hawaiiti njano, wanaiita rangi ya mahindi. Mimi nimevuka bahari, nimekula baridi ya kutoa machozi, nimejaza fomu mpaka vidole vikaota sugu, kumbe nimefuata mahindi!

Kwa ambao hamjauona mpira wa huku: una umbo la embe dodo, unashikwa kwa mikono, unakumbatiwa kifuani kama kichanga, na bado wanauita mpira wa miguu. Mguu unatumika mara chache sana. (Na hizo mara chache ndizo zilizotumaliza, nitafika huko.) Dakika za mchezo ni 60, lakini ukikaa kuangalia unaondoka baada ya saa tatu na nusu, maana kila wakianguka wanasimama kujadiliana kama wazee wa posa.

Na hawa ni wanafunzi, eti. Chuo nilichosoma mimi, timu yetu ilishangiliwa na wapishi wawili, nao walikuwa wanasubiri turudishe sahani. Hawa uwanja wao umefunguliwa mwaka 1922, una umbo la kiatu cha chuma cha farasi, na unachukua watu 102,780. Uwanja wa Mkapa uujaze wote watu 60,000, uwahamishie hapa, bado viti zaidi ya elfu 40 vinakudai. Bendi yao inaandika neno Ohio kwa kutembea uwanjani, halafu mmoja mwenye tarumbeta kubwa kama pipa anatoka peke yake kwa madaha kwenda kuwa kinukta juu ya herufi i. Watu wazima wanalia kwa sababu ya kinukta! Mwaka wa kwanza nilicheka. Mwaka wa pili nilikuwa natafuta leso.

Kuna na salamu yao. Ukivaa fulana nyekundu, mtu usiyemjua kabisa atakupigia kelele toka ng'ambo ya barabara: "O-H!" Unatakiwa uitikie: "I-O!" Mara ya kwanza nilidhani ananidai. Siku hizi naitikia hata nikiwa chooni.

Sasa kuna wiki moja ya Novemba, wiki ya Michigan, ambayo mji mzima unarukwa na akili kwa utaratibu. Hapo chuoni kila herufi M inayoonekana kwenye mabango inafutwa kwa alama ya X ya utepe mwekundu. Haitakiwi. Kocha wao wa zamani, Woody Hayes, aliyefundisha kuanzia 1951 mpaka 1978, hata jina la Michigan hakulitamka, alisema "ile timu ya kaskazini," na wanasimulia kwamba aliwahi kukataa kununua petroli kule hata gari lilipokaribia kuzima. Mimi ni dereva, hapo nikamvulia kofia. Nikaamua nami niitupe M nyumbani kwangu. Ndugu zangu, Mwingereza anaweza kuishi bila M. Mswahili ataishi vipi? Sikuweza kumwita mke, sikuweza kumwita mtoto, sikuweza kuomba maji. Kufikia jioni nilikuwa mtu wa kuonyesha kwa kidole.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani kuliko mpira. Mwaka 1835 Ohio na Michigan zilitaka kupigana vita kweli, wanamgambo na bunduki, zikigombea mji wa Toledo. Ohio ikaipata. Toledo napeleka mizigo mara mbili kwa mwezi, na kila nikishusha naangaza macho kutafuta kile kilichogombewa.

Basi, tarehe 30 Novemba 2024. Jumamosi, saa sita mchana, uwanja wetu, watu 106,005. Sisi tumeshinda mechi kumi tumepoteza moja, tumeorodheshwa wa pili nchi nzima. Wao wameshinda sita wamepoteza tano, wanajikokota tu. Wenye mikeka walitupa ushindi wa pointi kama 20. Tena Michigan walikuwa wametufunga miaka mitatu mfululizo, kwa hiyo deni lilikuwa limeiva. Nilikaanga mishikaki mapema, nikamwambia mke wangu leo asinipangie kazi. Akasema, "Haya, baba watoto, lakini usije ukanilalia sebuleni na nguo." Nilipaswa kuusikia ule wasiwasi.

Tulikuwa na kijana anaitwa Jeremiah Smith, mwaka wa kwanza chuoni, anaudaka mpira kama popo anavyodaka mdudu. Upande mwingine tulikuwa na Emeka Egbuka, naye si haba. Pembeni kote kweupe. Sasa benchi letu likaamua nini? Mpeni mtu mpira akimbilie katikati. Katikati kumesimama Kenneth Grant wa Michigan, kilo 150 na ushee, na wenzake. Anagonga, anaanguka. Haya, tena katikati. Anagonga, anaanguka. Ni kama mtu anayelazimisha kupitisha gari Kariakoo mkesha wa Idi ilhali Barabara ya Kawawa iko tupu, na abiria wote 106,005 tunapiga kelele "Pinda! Pinda!", dereva kaziba masikio.

Mpangaji wetu wa mashambulizi, Will Howard, akaurusha mara mbili kwa wenye buluu. Wa kwanza ulidakwa karibu kabisa na mstari wetu, ikawa pointi saba za bure. Mapumziko 10-10. Nikala mishikaki yote kwa mkupuo mmoja, bila kuhisi ladha.

Na sasa miguu. Mpira ukipigwa katikati ya zile nguzo mbili ndefu ni pointi tatu. Tulipata nafasi mbili za karibu, yadi 34 na yadi 38, tukazikosa zote. Yule wao, Dominic Zvada, kipindi cha kwanza alikuwa ameshapiga mmoja wa yadi 54 kama anatupa ganda la ndizi. Tatu mara mbili ni sita, sita na kumi ni kumi na sita, kumi na sita kwa kumi na tatu. Hesabu hii nimeipiga usiku mwingi kitandani, na kila usiku tunashinda.

Kipindi cha pili chote hatukupata pointi hata moja ya dawa. Zikabaki sekunde 45, Zvada akasogezewa mpira mpaka yadi 21, umbali ambao hata bibi yangu angepiga na kanga yake. 13-10. Wao siku hiyo kwa pasi walipata yadi 62 tu! Mtu anakuja kwako hana hata nauli, anaondoka na godoro.

Baadaye wakaja na bendera yao kuichomeka katikati ya uwanja, juu ya ile herufi O yetu. Vurugu ikawaka, polisi wakapuliza pilipili, na vyuo vyote viwili vikatozwa faini ya dola laki moja kila kimoja. Mimi nilikuwa sebuleni, sikupuliziwa chochote, lakini macho yaliwasha vilevile.

Jumatatu kazini tuna Mkongo mmoja, alikaa Grand Rapids, Michigan, kabla ya kuja huku. Hajawahi kuzungumzia mpira hata siku moja. Siku hiyo alinisubiri kwenye mashine ya kahawa. "Yaya," akaniambia (kwetu yaya ni mlea watoto, kwao ni kaka mkubwa, na siku ile sikujua anakusudia yupi), "yaya, treize-dix!" Kifaransa hicho, kumi na tatu kwa kumi. Mwezi mzima jina langu kazini likawa Treize-Dix.

Hilo ningelivumilia. Jioni simu ikalia. Shemeji. Sijui nani alimwambia, ingawa ndani ya nyumba tuko watu wazima wawili na mimi sikumwambia. Hakuandika neno. Picha tu. Hindi la kuchoma, juu ya jiko la mkaa, kando ya barabara, limepakwa ndimu na pilipili.

Nilikaa nikiwaza nimevuka bahari ya nini.

Sasa sikilizeni maajabu. Timu ileile ikaingia mtoano wa taifa. Ikaipiga Tennessee 42-17, ikaipiga Oregon 41-21, ikaipiga Texas 28-14, na tarehe 20 Januari 2025 pale Atlanta ikaipiga Notre Dame 34-23. Bingwa wa Marekani nzima! Wale waliotaka kocha Ryan Day afukuzwe Novemba walikuwa wanamwimbia. Nikaenda kwa kinyozi kifua mbele. Mzee mmoja mwenye kofia ya timu akanipa mkono, akatabasamu, kisha uso ukasinyaa. "Ubingwa sawa," akasema, "lakini ile ya Novemba..." Duka zima likainamisha vichwa kama kuna msiba. Nikamtumia shemeji picha ya kombe. Akanijibu kwa hindi lilelile.

Novemba 2025 ile wiki ikaja tena, safari hii kwao Michigan, mji wa Ann Arbor. Nikavaa nyekundu tangu Jumapili. Siku moja mke wangu alinituma dukani na karatasi: mchele, mafuta, maziwa, mayai, mkate, mchicha, vitunguu. Nikaisoma mara mbili nikiwa nimeshika kikapu. Nikarudi na vitunguu.

Akaufungua mfuko, akachungulia mpaka chini, akanitazama kwa utulivu ule unaotisha.

"Baba watoto," akasema, "mlango nao unaanza na M. Kurudi dukani utapitia dirishani."