Jiwe la Tatu Linatema

Wazo lilikuwa la mke wangu: njia ya mawe bapa kutoka getini mpaka barazani, kila jiwe liachane na mwenzake vidole vinne, katikati uoteshwe ukoka. Zege alilikataa kabisa. Mvua ikinyesha, alisema, maji yazame hapohapo kwenye mianya badala ya kukimbilia mlangoni. Hoja safi. Tatizo lilikuwa fundi.

Fundi alifika na nyundo, koleo na maneno. Nilipomwonyesha uzi na pima maji akanitazama kwa huruma. "Bosi, mimi napima kwa jicho." Nikamuuliza kuhusu kokoto za chini. "Kokoto za nini? Hapa halipiti lori, inapita familia." Vidole vinne navyo akavipima kwa mkono wake, mkono wa mtu aliyezaliwa kubeba matofali, ukatoka mwanya wa kupitisha paka. Akakwangua nyasi za juu, akamwaga mchanga, akapanga mawe, akajaza udongo wa samadi mpaka usawa wa jiwe, jioni akaondoka akipiga mluzi.

Kwa macho, njia ilipendeza. Nikachomeka vipande vya ukoka, kila kimoja na kifundo chake, maana mzizi hutokea hapo. Mawe yakipata joto la jua hukausha udongo wa pembeni, kwa hiyo nikawa namwagilia asubuhi na jioni, bila ubahili.

Sasa fikiria jiwe zito limelala juu ya mchanga usioshindiliwa, na kando yake udongo mlegevu uliolowa. Mchanga ukaanza kuhamia kwenye mianya kidogo kidogo, chini ya jiwe pakabaki uwazi, uwazi ukajaa maji. Ukikanyaga ukingo mmoja, wa pili unainuka, na tope linaruka juu kama limetoka kwenye bomba la sindano.

Wa kwanza kuonja alikuwa shemeji, kaka wa mke wangu, mtu nadhifu anayepiga pasi hadi soksi. Alikuja na suruali nyeupe. Jiwe la kwanza lilimpokea kwa heshima, la pili pia. La tatu likamtemea hadi gotini. Akarukia la nne kwa uzito wote wa hasira zake, nalo likamjibu vilevile kwenye mguu wa pili, tone moja likaishia kwenye miwani.

"Shemeji, simama hapohapo, usisogee!"

"Nisimame wapi? Linacheza!"

Alikuwa juu ya la tano kwa mguu mmoja, mikono ameitandaza, na kila akijisawazisha, pyuu! Mke wangu akatoka barazani, akamwona kaka yake, akarudi ndani mbio. Alidai amefuata taulo. Mimi nilimsikia akicheka jikoni.

Habari zikawafikia watoto wa jirani, wakaigeuza njia kuwa mchezo: anayevuka bila kutemewa ndiye mshindi. Jiwe la tatu wakalipa jina la shemeji.

Fundi alipoitwa, alikuja kuthibitisha kwamba hakuna tatizo. Akapanda juu ya la tatu. Sitaeleza zaidi, ila uzi aliukubali siku ileile.

Mawe yote yakang'olewa. Pakachimbwa sentimita 20 hivi, kokoto zikashindiliwa tabaka kwa tabaka, juu ukatandazwa mchanga wa sentimita 3, kila jiwe likagongwa kwa nyundo ya mpira, na mteremko ukawekwa wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea bustanini. Udongo safari hii uliachwa chini kidogo ya uso wa jiwe, ili ukoka usikanyagwe shingoni. Sasa hata ukicheza ngoma juu yake, hakuna kinachotikisika.

Shemeji haamini. Akifika getini hukunja suruali na kuyapita mawe kwa pembeni, juu ya nyasi za bustani, na wageni wakimwona humfuata wakidhani ndiyo njia. Huko pembeni pameshachimbika kijia cha vumbi. Ukoka wa katikati ya mawe umestawi ajabu, hakuna anayeukanyaga.